Kipimo cha Hatari ya Kisukari Kijaribiwe Kwanza Mbele ya Mfanyakazi

Ugonjwa wa sukari ulizoeleka kuitwa ugonjwa wa matajiri. Ilisemekana kwamba ni wa wenye vitambi, wanaoshinda kwenye viti vya ofisi na kuletewa chai. Sisi tunaoamka alfajiri kwenda kukata miwa au kubeba magunia ya simiti tuliambiwa kwamba jasho letu ndilo kinga yetu.

Maneno hayo si kweli. Watafiti waliopima watu wa umri wa miaka 35 hadi 60 katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki ya Uganda, walitangaza mwaka 2013 kwamba kati ya kila watu 100, watu 7 walikuwa na kisukari, na wengine 8 au 9 sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Mayuge si mbali nasi. Ni barabara moja ya lami, itokayo Musita, ikapita Mayuge, ikafika Lumino, kisha ikaelekea Busia mpakani na Majanji ziwani. Tena uchunguzi wa Uganda nzima wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliokutwa na kisukari hawakuwa na habari kwamba wanao.

Nusu hiyo ndiyo inayotuhusu. Mtu asiyejua huendelea na kazi. Kiu ikizidi anasema ni jua. Akiamka usiku mara nne kwenda haja ndogo anasema ni uzee. Macho yakififia anasema ni vumbi. Baada ya miaka miguu hufa ganzi, naye hahisi jiwe lililoingia ndani ya buti wala mkato mdogo wa panga. Jeraha linakataa kupona, na hapo ndipo anapofikishwa hospitali. Kwa karani mguu ni mguu. Kwa mkata miwa mguu ni kazi, na ukikatwa, mshahara nao umekatwa.

Kwa hiyo lolote linaloweza kumtambua mgonjwa mapema ni jambo letu. Katika toleo hili tunataka kueleza chombo kimoja kinachozungumzwa sana siku hizi, yaani programu ya simu ya kukadiria hatari ya kisukari, na kueleza kwa nini haifai kuletwa Lumino, Tororo au Busia kabla ya kujaribiwa na sisi wenyewe.

CHOMBO CHENYEWE

Simu imeingia katika kazi ya afya. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilianza kuwagawia vifaa wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000: mashine ya presha, mashine ya kupima sukari, mizani, na simu ya kuandikia habari za kila nyumba. Upande wa Uganda wahudumu wa vijiji, ambao wote tunawaita VHT, nao wamekuwa wakipewa simu katika baadhi ya wilaya.

Ndani ya simu ya namna hiyo yaweza kuwekwa programu ya kukadiria hatari. Programu hii haipimi damu. Inauliza maswali, inajumlisha pointi, kisha inatoa namba. Namba hiyo inasema: kati ya watu 100 walio kama huyu, wangapi watapata kisukari katika miaka 10 ijayo. Programu nyingine hukadiria kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuugua, kwamba yuko karibu kiasi gani na ugonjwa wa moyo au kupooza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati za namna hii zenye rangi, kutoka kijani mpaka nyekundu iliyokolea, na zamu hii nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimepata chati yao.

Jambo hili lina faida. Swali halina gharama ya stripi. Kama maswali machache yanaweza kumtoa mwenzetu mmoja shambani na kumpeleka apimwe damu kabla mguu haujaoza, sisi tunayakaribisha. Hatupingi mashine. Lakini mtambo wa kiwandani hauwashwi kabla fundi hajaukagua, na panga halipelekwi shambani kabla halijanolewa. Kwa nini chombo kinachosema habari za mwili wetu kipite bila kukaguliwa?

HESABU ILIYOTOKA FINLAND

Tuchukue mfano ulio maarufu kuliko yote. Unaitwa FINDRISC. Ulitungwa na wataalamu wa Finland na kutangazwa mwaka 2003, baada ya kufuatilia raia wa nchi hiyo kwa miaka. Una maswali 8: umri, uzito kwa urefu, unene wa kiuno, mazoezi, mboga na matunda, dawa ya presha, kama umewahi kukutwa na sukari nyingi, na kama kuna mgonjwa wa kisukari katika ukoo. Pointi zote pamoja ni 26. Aliye chini ya 7 huambiwa hatari yake ni ndogo, kiasi cha mtu 1 kati ya 100. Aliye juu ya 20 huambiwa ni mtu 1 kati ya 2.

Wafini walijitungia chombo kizuri kwa ajili yao, na nchi nyingi zimekiazima. Lakini hebu tukisome kwa macho ya mtu wa Lumino.

Swali la dawa ya presha lina pointi 2. Mtu ambaye hajawahi kufungwa mkono na mashine ya presha atajibu kwamba hajawahi kunywa dawa hiyo, naye ataandikiwa sifuri. Swali la kukutwa na sukari nyingi lina pointi 5. Ambaye hajawahi kupimwa atajibu hapana, sifuri tena. Swali la ukoo lina pointi 5 kwa mzazi, ndugu au mtoto. Lakini baba yetu alikufa akiwa amevimba miguu, akiwa hajapimwa chochote. Wengine walisema ni malaria, wengine walisema amerogwa. Hapo pia sifuri.

Hesabuni wenyewe. Pointi 12 kati ya 26, karibu nusu ya kipimo kizima, hupatikana tu na mtu ambaye yeye au jamaa zake wamewahi kufika mbele ya daktari. Tuseme kuna mkata miwa wa miaka 47, mwembamba, mwenye kiuno cha kawaida, asiyekula mboga za majani kila siku. Atapata pointi 2 za umri na 1 ya mboga. Jumla ni 3. Simu itaonyesha kijani, naye atarudi shambani akiwa na furaha, hata kama damu yake siku hiyo ina sukari iliyopita kiwango cha 7 kabla ya kula, ambacho ndicho daktari hukiita kisukari.

Huyu mwembamba si mtu wa kubuni tu. Utafiti uliotolewa Uganda mwaka 2022 juu ya watu wazima waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari ulionyesha kwamba karibu thuluthi moja yao hawakuwa wanene hata kidogo. Mwezi wa Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali rasmi kwamba kuna kisukari kinachotokana na lishe duni, wakakiita aina ya 5. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekitambua kisukari cha namna hiyo mwaka 1985, kisha mwaka 1999 likakiondoa katika orodha. Kwa hiyo tepu ya fundi cherehani ikizungushwa kiunoni na kukuta hakuna kitambi, haijamaliza habari.

Tunasema hivi ili jambo moja lieleweke. Chombo kinachouliza habari za hospitali kwa mtu asiyefika hospitali kitamwona maskini kuwa mzima. Kosa hilo halionekani ukiwa mezani mjini. Linaonekana pale tu chombo kinapojaribiwa mbele ya mtu mwenyewe.

MBOGA, MAZOEZI NA HATARI

Kuna makosa mengine ambayo ni ya lugha. Hapa kwetu mtu huzungumza Kisamia nyumbani, Kijopadhola au Kiteso akienda Tororo, Kijaluo akikutana na wavuvi, na Kiswahili sokoni na kiwandani. Swali lililotafsiriwa vibaya huleta jibu la uongo kutoka kwa mtu mkweli.

Mkiulizwa, "Je, unakula mboga kila siku?" wengi wetu tutajibu ndiyo, maana katika nyumba nyingi mboga ni chochote kinacholiwa na ugali, hata kama ni dagaa au nyama. Mwenye kuuliza alikuwa na maana ya majani na matunda.

Mkiulizwa, "Je, unafanya mazoezi nusu saa kila siku?" mkata miwa atajibu hapana. Kwake mazoezi ni mpira, au ni kazi ya askari. Amekata miwa tangu mapambazuko, lakini simu itamwandikia pointi 2 za uvivu!

Kisha lipo neno lenyewe, hatari. Mtaalamu akisema "una hatari ya asilimia 30" ana maana kwamba kati ya watu 100 kama wewe, 30 wataugua na 70 hawataugua. Mfanyakazi anasikia kwamba amekwisha kuugua na kifo kiko mlangoni. Mmoja atakimbilia kwa mganga, mwingine atakaa kimya asije akaachishwa kibarua. Rangi nyekundu nayo itamtisha yule ambaye hakusoma namba.

KUJARIBU MAANA YAKE NINI

Kujaribu matumizi ya chombo si kumwuliza mtu kama anaipenda simu. Ni kumpa kazi halisi, kukaa kando yake, na kutazama mahali anapokwama. Shirika la kimataifa la viwango liliandika tangu mwaka 1998 mambo matatu ya kuangalia: je, kazi inatimia sawasawa, je, inatimia bila kupoteza muda na nguvu, na je, mtumiaji ameridhika.

Jirani zetu wa magharibi ya Kenya wana mfano wa kujivunia. Mpango wa AMPATH, unaoongozwa kutoka Eldoret, ulitengeneza programu iitwayo DESIRE kwa ajili ya wauguzi wa vijijini wanaotibu presha. Kabla ya kuwaachia wauguzi, watengenezaji waliwaweka na wagonjwa wa kuigiza, wakawaomba waseme kwa sauti kila wanachokifikiri wanapobonyeza. Muuguzi akisema, "Hapa sijui niende wapi," jambo hilo liliandikwa, nayo programu ikarekebishwa. Kisha wakatazamwa wakiwa na wagonjwa wa kweli, na mwisho wakakaa pamoja kutoa maoni. Habari za jaribio hilo zilichapishwa mwaka 2015. Ilikuwa ni presha, si kisukari, lakini njia ni ileile, na ilifanyika kwa wauguzi wa mashambani kama wetu.

Njia hii haihitaji fedha nyingi. Wataalamu Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba watu 5 tu wakitazamwa vizuri huweza kufichua sehemu kubwa ya kasoro za programu. Lakini wawe watu wanaofaa. Makarani 5 wa mjini hawatafichua kasoro atakayokutana nayo mama wa VHT juani, kioo cha simu kikiwa hakisomeki, betri imebaki kidogo, na mtandao umerukia minara ya nchi ya pili. Wala hawatafichua kwamba vidole vilivyopasuka kwa simiti havitambuliwi vizuri na kioo.

Tujihadhari pia na alama za kupendeza. Kuna fomu ya maneno 10 iliyotungwa na Mwingereza John Brooke mwaka 1986, ambayo hutoa alama kutoka 0 hadi 100 juu ya urahisi wa kutumia chombo. Alama 68 huhesabiwa kuwa ya wastani. Fomu hiyo ina kazi yake. Lakini programu yaweza kupata alama 90 kwa urahisi, na bado ikamwambia mgonjwa kwamba ni mzima. Urahisi ni jambo moja, ukweli ni jambo la pili. Sisi tunataka yote mawili, tena yapimwe hapa, kwa kulinganisha jibu la simu na jibu la damu.

SI JAMBO GENI KWA VYAMA

Pengine mwanachama atauliza: hayo si mambo ya madaktari? Chama kinaingiaje?

Kinaingia kwa mlango wa historia. Mwaka 1970 chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norway kiliona kompyuta zikiingia viwandani bila wafanyakazi kuulizwa. Kikashirikiana na mtaalamu Kristen Nygaard, si kwa kuzipinga, bali kwa kuwafundisha wanachama wazichunguze wenyewe na kusema wanachotaka. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 yakapatikana makubaliano na waajiri yaliyowapa wafanyakazi haki ya kuelezwa na kusikilizwa kabla ya mfumo mpya kuwekwa, na matawi yakapata wajumbe wa kusimamia jambo hilo. Sweden wakafuata. Kati ya mwaka 1981 na 1985, katika mradi ulioitwa UTOPIA, wafanyakazi wa uchapaji wa nchi za Skandinavia walijaribu mitambo ambayo ilikuwa haijatengenezwa bado. Walitumia maboksi ya karatasi ngumu na mbao nyepesi, wakaigiza kazi yao mbele yake, wakasema hapa panafaa na hapa hapafai.

Basi desturi ya kukijaribu chombo pamoja na mtumiaji wake ilikuzwa na vyama vya wafanyakazi kama chetu. Hatuombi fadhila tunapoidai.

NAMBA HIYO NI YA NANI?

Liko jambo lingine zito. Namba ya hatari ikiisha kutoka, inakwenda wapi? Ikibaki kwa muuguzi na mgonjwa, ni dawa. Ikifika mezani kwa mwajiri, yaweza kuwa fimbo. Mwajiri asiye mwema atasema, "Huyu ana pointi 18, mkataba wake wa msimu tusiurudishe." Mtu ataachishwa kwa ugonjwa ambao hana, ambao pengine hataupata kamwe.

Sheria zipo. Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na Uganda ikapitisha ya kwake mwaka huohuo. Zote mbili zinazihesabu habari za afya ya mtu kuwa za namna ya pekee, zisizochezewa. Lakini sheria isiyojulikana shambani hailindi shamba. Tena wengi wetu tunaishi nchi moja na kufanya kazi nchi ya pili, na faili zetu huvuka mpaka kama sisi. Ni wajibu wa tawi kuuliza faili hiyo inahifadhiwa nchi gani na nani ana ufunguo.

Tusiwasahau pia wanaobeba simu hizo. Mhudumu wa jamii wa Kenya aliahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. VHT wa Uganda kwa miaka mingi amehesabiwa kuwa mtu wa kujitolea. Hao ni wafanyakazi wenzetu. Programu inayowaongezea nusu saa kwa kila nyumba imewaongezea kazi, na kazi hulipwa.

TUDAI NINI

Tunapendekeza kila tawi, la kiwandani na la shambani, lishike mambo haya linapozungumza na mwajiri au na idara ya afya:

Kwanza, chombo chochote cha kukadiria kisukari kijaribiwe hapahapa kabla ya kutumiwa, kwa wakata miwa, watu wa simiti, wanawake wa palizi na wahudumu wa vijiji, si kwa makarani peke yao. Muda wa jaribio uwe muda wa kazi unaolipwa.

Pili, maswali yaandikwe katika lugha zinazozungumzwa hapa, na maneno kama mboga, mazoezi na hatari yaelezwe mpaka msikilizaji aweze kuyarudia kwa maneno yake mwenyewe.

Tatu, jibu la "sijui" lisiandikwe sifuri. Ambaye hajawahi kupimwa presha wala sukari ahesabiwe kuwa ni wa kupimwa, si kuwa ni mzima.

Nne, simu ikisema hatari ni kubwa, stripi iwepo siku hiyohiyo, na dawa iwepo kama damu ikithibitisha. Kumtisha mtu na kumwacha ni uovu.

Tano, namba ya hatari isifike kwa mwajiri, na maneno hayo yaandikwe katika mkataba wa pamoja.

Sita, mfanyakazi aliyekwisha kutambuliwa kuwa na kisukari apewe buti zinazomfaa, maji ya kunywa, na nafasi ya kula kwa wakati wakati wa zamu.

Na wakati madai hayo yakiendelea, tusingoje simu. Mwenye kiu isiyokwisha, mwenye kukojoa mara nyingi, anayekonda bila sababu, mwenye ganzi miguuni au jeraha lisilopona, aende kupimwa damu bila kuuliza ana pointi ngapi. Kila jioni tuvue buti na kukagua nyayo, na tusiione aibu kumwambia mwenzetu atutazamie pale tusipopaona.

Ndugu wafanyakazi, chombo hiki chaweza kuwa rafiki yetu. Lakini kitakuwa rafiki pale tu kitakapokuwa kimetufahamu, na hakiwezi kutufahamu kama hatukuwapo kilipokuwa kikijaribiwa. Katibu wa kila tawi aliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao.

Umoja ni nguvu!